Ugonjwa ukija tena tukaambiwa tufunge biashara, sindano ya gunia inahesabika kuwa chakula au la?

Mama Magunia, Uyole

Wadau, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Nina siku nne kabla ya kikao, naomba mnisaidie mawazo.

Mimi nauza magunia matupu, viroba, nyavu za kufunikia, kamba za manila na sindano za kushonea pale Uyole, Mbeya, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kibanda changu ni cha mbao na turubai, na pembeni yake vijana wawili wanashona midomo ya magunia ya viazi kwa malipo ya kila gunia. Wiki iliyopita tuliitwa kwenye mkutano wa mtaa. Kunaandaliwa mpango wa maafa: ukija tena ugonjwa wa mlipuko kama ule wa Korona, na safari hii serikali ikasema watu wabaki majumbani, biashara zipi ziendelee na zipi zisimame? Kila kundi lilichagua mtu mmoja wa kulisemea. Wa mazao wakanichagua mimi.

Tumepewa karatasi yenye mistari sita. Hospitali na maduka ya dawa. Maduka ya vyakula. Soko. Vituo vya mafuta. Benki. Magari ya mizigo. Halafu chini: "Nyingine zote zifungwe." Nimeikunja na kuikunjua mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Kibanda changu hakimo, na wala siandiki haya kwa ajili ya kibanda changu peke yake. Acha niwaeleze kitu kimoja kilichonipata.

Sisi mwaka 2020 hatukufungiwa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi, kesho yake shule zikafungwa, mikusanyiko ikazuiwa, lakini masoko, makanisa, misikiti na daladala viliendelea, na kila mlango ukawekewa ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni. Hata hivyo hofu ilifunga watu bila amri ya mtu. Siku moja ya Aprili, saa nane mchana, kijana wangu mmoja wa kushona alipigiwa simu na mama yake wa Isyonje, mama analia, anamwambia rudi nyumbani mwanangu. Akaondoka. Yule mwenzake alikuwa amelala na malaria tangu juzi yake. Pale chini kulikuwa na magunia 42 ya viazi, yamejaa, midomo wazi, mali ya mama mmoja mjane wa Ntokela.

Kama hujawahi kuona gunia la viazi likishonwa utadhani ni kazi ya kufunga kamba tu. Sindano ina urefu wa kiganja na imepinda mbele. Mshonaji anapanda goti juu ya gunia, analikandamiza mpaka viazi vya juu vikae sawa, anachoma kutoka ndani kuja nje, anavuta kwa uzito wa mwili wake wote. Mshono ukilegea, viazi vinatembea ndani ya gunia njia nzima, na kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kiazi kilichochubuka hakifiki, na kinaozesha jirani zake. Kijana mzoefu anashona magunia matatu katika muda ambao mimi nashona moja. Nilishona mpaka giza likaingia, nikafikisha 11. Usiku ikanyesha ile mvua ya Aprili mnayoijua, turubai lilikuwa moja. Asubuhi tukatafuta wa kutusaidia, tukashona viazi vikiwa vimelowa kwa sababu lori halikuweza kungoja tena. Dereva alinipigia akiwa Makambako, akasema mama, gari linadondosha maji meusi. Yaliyotupwa yalikuwa magunia 17. Yule mama hakunidai kitu. Alikuja, akakaa kwenye benchi langu, akanywa chai, akaondoka. Mpaka leo nikimwona ananichoma moyo.

Sasa nauliza. Karatasi inasema soko libaki wazi na magari ya mizigo yapite. Siku ile soko lilikuwa wazi na gari lilikuwepo. Kilichokosekana ni sindano na mkono wa kuishika. Mtu aliyeandika mistari sita anaona chakula kikiwa dukani. Mimi nakiona tangu kinapong'olewa, na katikati pale kuna watu ambao hakuna karatasi inayowataja: wa magunia, wabebaji, fundi wa kubana rimu ya guta, mama anayewapikia wabebaji uji saa kumi na moja alfajiri.

Mwanangu aliye chuo alinisomea jinsi wenzetu walivyofanya. Afrika Kusini walifungia watu usiku wa tarehe 26 Machi 2020. Maduka makubwa yakaendelea kuuza vyakula, lakini wauza mboga wa barabarani wakazuiwa, mpaka Aprili ilipoanza ndipo wakaruhusiwa kwa kibali. Uganda waliwaambia wauza vyakula walale humo humo sokoni siku 14 wasirudi kwao, nikaona picha za akina mama wametundika vyandarua katikati ya mafungu yao. Wales kule Uingereza, Oktoba 2020, kwa siku 17 maduka makubwa yaliambiwa yasiuze visivyo vya lazima, wakafunika rafu za nguo kwa plastiki. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kabisa. Nani huku kwetu atasema sweta si ya lazima? Mbeya mwezi wa Juni na Julai mtoto mchanga bila sweta na blanketi unamkimbiza hospitali. Mitumba ya Mwanjelwa kwa msimu huo mimi naiweka karibu na dawa.

Kwa hiyo naomba mnisaidie: tuorodheshe majina ya biashara, au kuna namna nyingine ya kupima? Na nani mnadhani amesahaulika?

Dereva wa Tunduma

Mama shikamoo. Mimi naendesha mizigo ya kwenda Zambia na Kongo, nitasema la kwangu.

Zambia walifunga mpaka wa Nakonde tarehe 11 Mei 2020 baada ya wagonjwa wengi kuonekana pale. Mimi nilikuwa upande wetu, Tunduma, na kontena. Gari mbele, gari nyuma, huoni mwanzo wala mwisho. Hata mizigo iliporuhusiwa tena foleni haikuisha, kwa sababu kulikuwa na kupimwa na kungoja majibu. Karatasi yenu inasema "magari ya mizigo". Mama, gari halili wala halijisaidii. Dereva ndiye anayekula, anayetafuta choo, bafu, pa kuchajia simu na wakala wa kutolea hela ya kumtumia mke wake. Hao wote hawamo.

Wakati ule watu walitukimbia. Ukishuka kwenye gari kununua maji, mtu anarudi hatua mbili nyuma. Walisema sisi ndio tunaoleta ugonjwa, na siwalaumu, kwa sababu kweli tulikuwa tunapita nchi tatu kwa wiki. Lakini kulikuwa na mama lishe mmoja upande wetu, aliweka meza mbele ya mlango wake kama mpaka. Pesa unaweka kwenye bakuli la maji ya sabuni, yeye anakusukumia sahani ya wali na kunde juu ya meza kwa ubao, unaenda kulia kwenye gari lako. Hakuna aliyekaa, hakuna aliyeguswa. Alitulisha hivyo kila siku niliyokuwa pale. Angefungwa yule, madereva wangetawanyika mitaani kutafuta chakula nyumba kwa nyumba, na hapo ugonjwa ungetembea kweli.

Na fundi pancha usimsahau. Mimi niliwahi kupasua tairi Senjele usiku, na mnaijua Senjele. Gari limesimama vibaya kwenye mteremko ule linaua watu wengi kuliko unavyofikiri. Aliyekuja kuniokoa ni kijana wa Vwawa kwa bodaboda, na jeki begani. Ukimfungia huyo ndani, umeziba barabara yote ya kwenda mpakani.

Muuguzi Mstaafu, Iringa

Mama Magunia, pole kwa viazi vya yule mjane. Mimi nimestaafu, nilikuwa wodini wakati wote ule, naomba nami nisikilizwe, maana naona tunaelekea kufungua kila kitu.

Karatasi yenu ina kosa, ndiyo, lakini kosa lake silioni mahali unapoliona wewe. Inauliza biashara hii inauza nini. Ugonjwa unaosambaa kwa hewa haujali unauza nini. Unajali watu wangapi wamo ndani, wamekaa muda gani, na dirisha lipo wazi au limefungwa. Duka la dawa liko mstari wa kwanza kwenye kila orodha duniani. Nendeni mkaangalie maduka mengi ya dawa ya mitaani kwetu: chumba kimoja, kaunta yenye nondo, mlango mmoja. Mwaka 2021, wakati ule mbaya wa mwanzo wa mwaka, nilisimama nje ya moja nikahesabu watu 14 ndani, wagonjwa na wazima, wote wanakohoa kwenye hewa ile ile. Wakati huo huo soko la nje, upepo unavuma, watu wana nafasi. Ukiniuliza mimi, soko lilikuwa salama kuliko duka la dawa.

Na huku kwetu kuna jambo ambalo watu wa pwani hawalijui. Baridi. Ikifika Juni, tunafunga madirisha, tunawasha jiko la mkaa ndani, tunajazana. Saluni Iringa mjini mwezi wa Julai ni kama chungu kilichofunikwa. Ninyi wa Mbeya, wa Njombe na wa Makete ni vivyo hivyo. Mpango wowote ulioandikwa Dar es Salaam ukaletwa huku kama ulivyo utatuumiza.

Nilizika wenzangu wawili niliofanya nao kazi miaka mingi. Takwimu zilikoma Mei 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, baada ya hapo sisi tulihesabu kwa macho, kwa vitanda na kwa mitungi ya oksijeni. Chanjo ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 28 Julai 2021; wenzangu hao hawakuifikia. Kwa hiyo mtu akiniambia kila biashara ni ya lazima, moyo wangu unakataa.

Ushauri wangu: kila mstari wa karatasi yako uwe na vyumba viwili. Cha kwanza, nini kitaharibika hii kazi ikisimama siku tatu. Cha pili, itafanyikaje bila watu kupumuliana. Asiyeweza kujaza cha pili, asifunguliwe, hata akiwa na duka la dawa. Atoe kaunta nje kwanza.

Mwana Kyela

Mimi napinga orodha yenyewe, tena kwa heshima zote.

Nimezaliwa Kyela, mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi, na nina ndugu upande wa pili. Aprili 2020 Malawi walitangaza kufungia watu siku 21, ianze tarehe 18. Wafanyabiashara wadogo wakaandamana Mzuzu na Blantyre, wakisema njaa itawaua kabla ya ugonjwa. Watetezi wa haki wakaenda mahakamani, na tarehe 17 Mahakama Kuu ikasimamisha amri ile. Hoja kubwa ilikuwa moja: mmewaambia watu wakae ndani, hamjasema watakula nini. Shangazi yangu aliyekuwa anauza dagaa alilia kwa furaha siku ile.

Orodha ni kalamu, na kalamu ina mwenye kuishika. Leo mmeandika "maduka ya vyakula". Kesho anakuja mgambo, anamkuta mama na beseni la ndizi kichwani, anauliza duka lako liko wapi. Hana. Beseni linachukuliwa. Mwenye duka la vigae jirani yake ameweka mche mmoja wa sabuni dirishani na mifuko mitatu ya sukari, huyo ni duka la vyakula, anaendelea. Tumeyaona haya hata bila ugonjwa wowote.

Kwanza mseme wanaofungwa watapewa nini. Kilo ngapi za unga, kwa kaya ngapi, kutoka ghala gani. Hilo likiwa na jibu, leteni orodha.

Mama Magunia, Uyole

Ndaga fijo, asanteni sana wote. Nimesoma nikiwa kibandani, wateja wamenisubiri kidogo leo.

Dereva mwanangu, yule mama lishe na meza yake nimemwelezea mwenyekiti kwa simu asubuhi hii hii. Alikuwa anataka akina mama lishe wote wafungwe. Nikamwambia tufunge mabenchi, sufuria ziendelee. Alikaa kimya kidogo halafu akasema hilo nilete kikaoni.

Mama muuguzi, pole sana kwa wenzako. Umenifanya nitazame kibanda changu upya. Vijana wangu wanashona wamekaribiana kwa sababu ya turubai moja. Kivuli kinawavuta pamoja. Kumbe hata mimi ninayelalamika sijajaza chumba cha pili. Nimenunua turubai lingine jana. Mmoja atashonea upande wa barabara, mwingine upande wa mtaro, katikati magunia matano.

Mwana Kyela, hapo kwenye beseni umegusa pabaya, maana mimi nilianza kwa beseni. Lakini nikienda kikaoni nikasema tusiwe na orodha kabisa, ile ya mistari sita ndiyo itakayopita, mimi nimekaa. Nitachukua neno lako la unga kwa kila kaya, nitaliweka juu kabisa, kabla ya biashara yoyote. Na neno "duka" nitaomba lifutwe, paandikwe "anayeuza chakula, popote alipo".

Mgema wa Kilolo

Naomba na mimi mnisikilize bila kunihukumu, maana najua nikisema pombe watu wanafunga masikio.

Mimi nagema ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi inagemwa wakati wa mvua tu, ile midogo inayochipua. Unakata ncha, unaning'iniza mbeta, yaani chombo cha kukingia, ulanzi unadondoka. Kila siku asubuhi na jioni lazima urudi ukate kipande chembamba, kama unavyochonga penseli, la sivyo kidonda kinakauka na mwanzi umeupoteza kwa msimu huo. Hauwezi kuuambia mwanzi ngoja siku 21. Asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anaonja. Ukilala unakuwa mkangafu, mkali. Keshokutwa hauuziki. Ada, sare, madaftari ya wanangu watatu vinatoka kwenye mbeta hizo kati ya Januari na Mei. Ule ugonjwa uliingia Machi, katikati kabisa ya msimu.

Afrika Kusini walikataza pombe yote tangu walipofungia watu mpaka tarehe 1 Juni 2020, na Julai wakakataza tena. Sababu walisema ni kupunguza majeruhi hospitalini, na ni sababu ya kweli. Uingereza wao waliyaweka maduka ya pombe kwenye orodha ya yanayobaki wazi. Sasa mimi nipo upande gani? Siombi kilabu kifunguliwe. Kilabu chetu ni chumba cha udongo, watu wanachangia kopo moja, wanaimbiana usoni. Mama muuguzi ana haki nacho. Naomba niruhusiwe kuuza kwa dumu, mtu achukue aende kwake. Basi.

Muuguzi Mstaafu, Iringa

Mgema mwanangu, nimekulia kwenye ulanzi, baba yangu alisomesha wawili wetu kwa huo huo. Kwa dumu, nje, kila mtu na dumu lake, nakubali. Kilabu kifungwe siku ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na kopo la kuchangia lisirudi hata ugonjwa ukiisha.

Ila nikuombe jambo moja. Wakati ule wanaume walihamishia kilabu majumbani. Wake zao ndio waliokuja kwetu wamepasuliwa midomo, mmoja alikuja na mtoto mgongoni. Dumu likiwa la lita kumi, mtu anakunywa mpaka liishe kwa sababu litaharibika. Uza ya lita mbili.

Fundi Cherehani, Makambako

Nimepita tu. Mwaka 2020 nilikuwa nashona sare za shule. Shule zikafungwa Machi, wanafunzi wote wakarudi tarehe 29 Juni. Miezi mitatu bila sare hata moja. Nikageuza vitenge kuwa barakoa, nikawa nashona mpaka saa sita usiku, na wa kwanza kuja kununua walikuwa wahudumu wa afya. Aprili nilikuwa si wa lazima, Mei nikawa wa lazima, na cherehani ni ile ile. Mama, ongeza mstari kwamba karatasi ipitiwe upya kila wiki mbili.

Mama Magunia, Uyole

Nimerudi kutoka kikaoni, nimechoka lakini nina furaha.

Tulikaa saa tatu unusu. Suala la unga kwa kaya zitakazofungiwa lilichukua zaidi ya saa nzima, na halikupata jibu. Limepelekwa juu kwa maandishi, nimesaini kama shahidi. Mwana Kyela, barua ipo, nitaifuatilia mwenyewe.

Karatasi mpya ina mistari 11. Duka limefutwa, pameandikwa "anayeuza chakula popote alipo". Mama lishe ameingia, bila mabenchi. Fundi pancha na gereji wameingia baada ya mzee mmoja kusimama na kueleza habari ya Senjele kama ulivyoeleza wewe dereva, naye alifiwa na mkwewe hapo hapo. Vifungashio vya mazao vimeingia, na washonaji. Mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu watakaa vipi, nikamwambia magunia matano katikati, akaandika hivyo hivyo. Masweta na blanketi kuanzia Mei hadi Agosti vimeingia, kwa kuuzia nje. Vilabu vimefungwa siku ya kwanza, hakuna aliyebisha. Kupitia karatasi kila wiki mbili kumekubaliwa. Kinyozi na saluni hawamo, na vijana wa saluni walitoka wamenuna, nawaelewa. Yule mama wa Ntokela alikuwepo pia, alikaa nyuma.

Lakini tumekwama kwenye mashine ya kusaga. Hakuna aliyesema ifungwe, watakula nini. Tatizo ni jengo lenyewe. Mwenye mashine anafunga madirisha kwa sababu unga unapeperuka, watu wanajaa ndani na madebe yao kila mtu akilinda zamu yake, na kelele zinafanya waongee kwa kusogezeana midomo masikioni. Mama muuguzi, nimejaza chumba cha kwanza, cha pili nimeshindwa. Hapo tufanyeje? Karatasi inarudi kwa mwenyekiti Jumatatu.

Muuguzi Mstaafu, Iringa

Debe lipange foleni, mtu asipange. Mwenye mashine awe na chaki: kila debe linaandikwa jina na kilo linapofika mlangoni, linaingizwa na msagaji mmoja tu aliyevaa barakoa, na mwenye mahindi anakaa nje au anarudi nyumbani akaitwe kwa simu. Wanaolinda zamu wanalinda kwa sababu hawamwamini mwenye mashine, kwa hiyo mzani uwekwe mlangoni, mtu apime mwenyewe kabla na baada. Niliona hivyo kwenye mashine moja huku Iringa, na ilikuwa kabla ya Korona, walifanya kwa ajili ya wizi tu.

Na lile dirisha la upande usio na upepo lifunguliwe. Unga kidogo utapotea, mwambie auhesabu kwenye bei.